Pampu ya hewa ya sola kwa bwawa lisilo na umeme: tathmini baada ya mwaka mmoja na nusu katika bonde la Lukuledi

Kifaa ninachokitathmini ni seti ya pampu ya hewa inayotumia umeme wa jua, niliyoinunua Oktoba 2023 katika duka moja la vifaa vya sola mjini Mtwara kwa ajili ya bwawa langu la sato lililopo bonde la mto Lukuledi, upande wa Mtama, ambako nguzo ya umeme ya karibu ipo mwendo wa takribani kilomita 2. Seti hiyo ilikuja na pampu ya volti 12 yenye nguvu ya wati 35, paneli moja ya wati 100, kontrola ya chaji (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia na kutoka kwenye betri), mpira mwembamba wa kupitishia hewa na mawe manane ya kutolea mapovu, yote kwa shilingi 520,000. Duka sitalitaja, kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza wenzangu walionunua kwingine wamezikuta vilevile, na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la kwangu mwenyewe, la kununua kabla ya kupiga hesabu.

Bwawa lenyewe ni la kuchimba, mita 10 kwa 20, na kina chake cha wastani ni mita 1, maana yake linabeba maji ya mita za ujazo 200 hivi. Ndani yake napandikiza vifaranga 600 vya sato, yaani watatu kwa kila mita ya mraba. Februari 2023, baada ya siku tatu za mawingu mazito, mlinzi alikuja kunigongea saa 11 alfajiri akisema samaki wanaimba. Nilipofika na tochi nikaelewa alichokuwa akikisikia: mamia ya midomo imetokeza juu ya maji, kila mmoja ukifunguka na kufungika, na sauti yake ilikuwa kama rasharasha ya mvua juu ya majani ya mgomba. Tulichota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu hadi jua lilipochomoza. Kufikia saa 3 asubuhi nilikuwa nimeokota sato 217 waliokufa, na waliokufa kwanza walikuwa wakubwa.

Chanzo cha tukio lile kinaeleweka vizuri, na mtu asipokielewa hawezi kuchagua pampu. Mchana, vijimea vidogo vinavyoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa kutumia mwanga wa jua, na nyingi ya oksijeni iliyomo bwawani hutokana na hivyo, kuliko inayoingia kutoka hewani. Jua likizama, utengenezaji unakoma, lakini vijimea, samaki, pamoja na tope la chini lenye mabaki ya chakula na samadi, vyote huendelea kuitumia usiku kucha. Kiwango hushuka saa baada ya saa hadi kufikia chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Siku za mawingu huongeza tatizo, kwa sababu bwawa huuanza usiku likiwa na akiba ndogo. Joto nalo halisaidii: maji baridi yenye nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali yenye nyuzi 30, ambayo ndiyo hali ya kawaida kwetu mwezi wa Februari, hubeba 7.5 tu kabla ya kushiba.

Kwa hiyo bwawa huhitaji hewa zaidi katika saa ambazo paneli haitoi hata wati moja. Sentensi hii ingepaswa kuandikwa kwenye boksi la kila pampu ya sola. Mimi sikuiona dukani, na fundi aliyenihudumia hakunitajia. Nilipomuuliza kama kuna haja ya betri, alinijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, hii imeundwa kufanya kazi moja kwa moja na jua, betri ni gharama za bure." Kijana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anauza pampu kama anavyouza pampu ya kumwagilia bustani, ambayo kweli haihitaji betri, kwani ukimwagilia mchana na kujaza tangi umemaliza kazi. Lakini hewa haiwekwi kwenye tangi la simtangi ikasubiri alfajiri.

Niliitumia seti kama ilivyouzwa kwa majuma matano. Mchana mapovu yalipanda vizuri, wageni wakasifu, na alfajiri samaki wakaendelea kutweta juu ya maji kama kawaida yao. Hapo ndipo nilipokaa chini na daftari.

Hesabu si ngumu, na ninaiweka hapa kwa sababu ndiyo ninayotamani mtu angenipa kabla ya kutoa fedha. Nilitaka pampu ifanye kazi kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi, yaani saa 9. Wati 35 mara saa 9 ni wati-saa 315, theluthi moja ya uniti kwa lugha ya LUKU. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya aina hiyo, ya madini ya risasi, isiyotaka kufa mapema hutumiwa nusu tu, kwa hiyo una 600 za kutumia, ambazo ni usiku mmoja na karibu usiku wa pili. Upande wa kuingiza, paneli ya wati 100 kwa jua la kwetu la takribani saa 5 kamili kwa siku, ukiondoa hasara za joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe, hukupa wati-saa 350 hivi. Hiyo inatosha kwa kubana sana wakati wa kiangazi, na haitoshi kabisa kuanzia Desemba hadi Aprili, msimu wetu wa mvua, ambapo siku nyingine paneli hutoa nusu yake au pungufu. Niliongeza paneli ya pili ya wati 100 kwa shilingi 130,000, betri kwa 420,000 na taima ya kuwasha na kuzima kwa 35,000. Wenye uwezo wa kununua betri ya lithiamu waifikirie, kwani hutumika kwa zaidi ya robo tatu ya ujazo wake bila kudhurika; mimi sikuwa na uwezo huo.

Kuhusu taima nina kisa kidogo. Nilimwagiza mjukuu wangu aiseti saa 4 hadi saa 1, naye akaandika 4:00 kuwasha na 1:00 kuzima, kama nilivyomtamkia. Taima haijui Kiswahili. Kwake saa 4 usiku ni 22:00 na saa 1 asubuhi ni 07:00. Pampu ikawa inafanya kazi saa 21 kwa siku na kupumzika kuanzia saa 7 usiku hadi saa 10 alfajiri, katikati ya muda ambao samaki wanaihitaji kuliko wakati mwingine wowote, na siku ya tatu kontrola ikaikata betri kwa kuishiwa. Tulimlaumu fundi kwa simu kabla ya kugundua kosa letu, na ilibidi nimwombe radhi.

Sasa niiseme pampu yenyewe. Ni ya kiwambo cha mpira kinachotetemeka, haina mafuta, na sauti yake ni mvumo wa chini ambao ukiwa hatua ishirini hausikiki kwa sababu ya vyura. Kibandiko chake kinadai lita 65 za hewa kwa dakika. Kipimo hicho huchukuliwa pampu ikipuliza hewani bila kizuizi, wakati bwawani inapaswa kusukuma dhidi ya uzito wa maji pamoja na msuguano wa mpira na mawe. Niliipima kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia: ndoo ya lita 20 inajazwa maji, inapinduliwa chini ya maji, mpira unaingizwa mdomoni mwake, na unahesabu sekunde hadi hewa iyasukume maji yote nje. Mjukuu aliikandamiza kwa magoti mawili, maana ndoo ya hewa chini ya maji inasukuma juu kwa nguvu ya kilo 20, na mara ya kwanza ilimpindua. Mara ya tatu tukapata sekunde 27, sawa na lita 44 kwa dakika. Hiyo ni theluthi mbili ya kilichoandikwa. Siiti ulaghai, lakini mnunuzi anapaswa kupanga kwa theluthi mbili, si kwa kibandiko.

Je, lita 44 zinafaa kitu? Novemba na Desemba afisa uvuvi aliniazima kipima oksijeni. Kabla ya betri, kipimo cha saa 11 alfajiri kilikuwa kati ya miligramu 1.4 na 1.9 kwa lita. Baada ya pampu kuanza kufanya kazi usiku, kikawa kati ya 2.6 na 3.1. Nyongeza ya miligramu moja na kidogo inaonekana ndogo, ila kwa sato ndiyo tofauti ya kuishi na kufa, ingawa bado ipo chini ya miligramu 4 hadi 5 ambazo samaki wanaokua vizuri huzihitaji. Hewa haingii majini kwa urahisi: katika kina cha mita 1, povu hupanda na kupasuka ndani ya sekunde chache, na sehemu kubwa kabisa ya oksijeni yake hurudi angani bila kuyeyuka. Ndiyo maana pampu hizi hung'aa zaidi katika mabwawa ya kina kirefu.

Jambo ambalo kipimo kile kilinifundisha, na ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia, ni nani hasa anayeimaliza oksijeni. Samaki wangu wakiwa na gramu 200 kila mmoja huwa na uzito wa jumla wa kilo 120, na kilo moja ya samaki hutumia takribani gramu 0.3 za oksijeni kwa saa. Kwa saa 10 za giza hiyo ni gramu 360, au miligramu 1.8 kwa kila lita ya bwawa langu. Lakini kiwango kilikuwa kinashuka kutoka 8 jioni hadi chini ya 2 alfajiri, yaani zaidi ya 6. Zaidi ya theluthi mbili ilikuwa inaliwa na vijimea na tope. Nilipunguza samadi, nikaacha kulisha jioni, na kila asubuhi nikawa nachovya mkono majini: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, siweki mbolea yoyote. Februari iliyofuata vipimo vya alfajiri havikushuka chini ya 3, na nina hakika nusu ya mafanikio hayo hayana uhusiano na sola.

Matumizi ya mchana, ambayo mwanzoni niliyadharau, yana faida yake. Siku tulivu ya jua kali, maji ya juu hupata joto na kushiba oksijeni hadi kupita kiasi, huku ya chini yakibaki baridi na maskini, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki zenyewe. Mapovu kutoka chini huyapandisha maji ya chini na kuyashusha ya juu, hivyo akiba ya jioni inakuwa ya bwawa zima badala ya kuwa ya nusu yake. Kwa kuwa paneli mbili zina ziada wakati wa kiangazi, taima huiwasha pampu kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana pia. Ila mwenye bwawa ambalo halijawahi kuchanganywa asianze kwa saa mbili siku ya kwanza, kwani uchafu wa chini ukipanda wote kwa mkupuo unaweza kuwaua samaki uliokusudia kuwaokoa. Aanze na nusu saa na kuongeza taratibu kwa juma zima. Mawe ya hewa nayo yasilale juu ya tope. Yangu yananing'inia sentimita 20 kutoka sakafuni, yamefungwa kwenye fremu ya bomba la plastiki.

Ufungaji wa paneli ulikuwa mzuri kwa kazi ya fundi, isipokuwa aliufanya mwezi wa Oktoba. Sisi tupo karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hutupita utosini, kwa hiyo kila mahali huonekana hapana kivuli. Kuanzia Mei hadi Agosti jua huhamia kaskazini, na mkorosho uliosimama hatua chache upande huo ukaanza kuziangushia paneli kivuli cha tawi moja tu, lakini kivuli cha tawi moja linalokatiza paneli linaweza kuipunguzia umeme zaidi kuliko eneo linaloonekana kufunikwa. Nilikata tawi, na mkorosho unaozaa haukatwi bila kuuma moyo. Paneli zenyewe zielekezwe kaskazini na kuinamishwa kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua izioshe.

Halafu kuna salfa. Yeyote anayeishi katikati ya mikorosho anajua kwamba msimu wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, vumbi la njano hutua juu ya kila kitu, kuanzia majani hadi nguo zilizoanikwa. Julai 2024 niliifuta paneli kwa kidole nikapata unga kama wa manjano ya mchuzi, na sponji ndogo inayochuja hewa inayoingia kwenye pampu ilikuwa imegeuka ngumu. Pampu iliyozibwa sponji hupata moto na kuchakaza kiwambo. Katika miezi hiyo sasa tunaosha paneli kwa maji matupu kila Jumamosi alfajiri, kabla hazijapata joto, na sponji inafuliwa kila juma. Kijitabu cha maelekezo kinasema sponji isafishwe kila baada ya miezi sita. Aliyekiandika hajawahi kulima korosho.

Nyaya na mipira ndiyo sehemu dhaifu ya seti hii. Kwa volti 12 umbali unakula umeme: waya wa milimita 2.5 za mraba, ukitoka betri hadi pampu umbali wa mita 40 na kurudi, hupoteza karibu volti 1.7, na pampu inabaki inagugumia. Weka betri na pampu pamoja kando ya bwawa, chini ya kivuli, na urefu uwe kwenye mpira wa hewa. Mpira uliokuja na seti ulikuwa wa kuona ndani, wa aina ya matangi ya samaki wa mapambo, na baada ya miezi minne ya jua ulikauka na kupasuka. Bomba jeusi la umwagiliaji nililoliweka badala yake halijaonyesha dosari. Valvu ya kuzuia maji yasirudi haikuwemo kwenye boksi kabisa, ilhali pampu ikizimika ikiwa chini ya usawa wa maji, bwawa hurudi kupitia mpira na kuingia ndani yake. Iinue pampu juu ya usawa wa maji, na valvu uinunue hata hivyo. Mawe manane yaliziba kwa utelezi ndani ya majuma sita; yanalowekwa kwenye siki na kusuguliwa kila mwezi.

Malalamiko yangu kwa duka ni moja tu la maana. Kiwambo kilichanika Novemba 2024, baada ya miezi 13, jambo ambalo kwa pampu ya aina hii si ajabu, kwani kiwambo ni kitu cha kubadilishwa. Wakati wa kununua niliambiwa vipuri vipo. Nilipohitaji, nikaambiwa vinaagizwa Dar es Salaam, na nikasubiri majuma saba, nikipiga simu kila Jumatatu na kujibiwa "vipo njiani, Mwalimu". Nilivuka kipindi hicho kwa kupunguza chakula nusu na kuwauza mapema samaki wakubwa. Kipuri chenyewe kilikuwa cha shilingi 28,000 na kukifunga kulichukua dakika kumi. Nunua viwambo viwili siku ileile unayonunua pampu, na uhakikishe vinaingia kabla ya kutoka dukani.

Mtihani mkubwa ulikuwa mwanzoni mwa Mei 2024, siku za Kimbunga Hidaya, ambapo mawingu yalikaa juu yetu. Usiku wa kwanza na wa pili betri ilifika asubuhi. Usiku wa tatu ilikata saa 9, tukamalizia kwa ndoo. Hakufa hata mmoja.

Kwa jumla, pamoja na nyaya na mabomba ya shilingi 95,000, nimetumia milioni 1 na laki 2, mbali na kiwambo. Mavuno mazuri ya bwawa langu ni kilo 130 hivi, ambazo kwa shilingi 9,000 kwa kilo hazifiki hata hizo. Kwa hiyo mwenye bwawa la ukubwa huu asiinunue akitarajia kupandikiza samaki mara mbili, kwa sababu hewa yenyewe haitoshi. Ainunue ikiwa ameshapoteza samaki alfajiri, ameshapunguza samadi na chakula, na bado wanatweta. Mwenye chemchemi au mfereji unaoweza kumwaga maji kutoka juu hana haja nayo. Na anayefikiria mashine kubwa ya mapangaboi yanayopiga maji, ya nguvu ya farasi mmoja, ajue kwamba hiyo ni wati 746, na saa 10 zake ni uniti 7 na nusu kila usiku, ambazo kwa sola zingedai paneli na betri za thamani kubwa kuliko bwawa.

Januari 2025 nilichimba bwawa la pili, hatua thelathini kutoka la kwanza. Nimeweka kambale, ambao wakishakua kidogo huja juu na kuvuta hewa wenyewe. Halina pampu.